Wati elfu kumi za kwenye boksi la sabufa zinatoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba barua isikatwe sana maana haya mambo yameshikana. Mimi ni fundi redio na spika hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi nimefundishwa na baba mdogo tangu enzi za deki za kanda. Nawaandikia wenye maduka ya vyombo vya mziki, nawaandikia TBS, lile shirika letu la viwango, na Tume ya Ushindani, ila zaidi namwandikia yule anayeuza mpunga wake Mbarali au kahawa yake Mbozi alafu anapanda gari kuja mjini na hela mfukoni kununua sabufa.

Pita madukani sa hivi, anzia Kabwe njoo Mwanjelwa, endelea hata mpaka Tunduma, utakuta sabufa zimepangwa mpaka nje barazani, zinawaka taa za rangi, na kwenye boksi imeandikwa kwa herufi kubwa wati 8,000, nyingine wati 10,000, nyingine imepita hapo. Sasa geuza hiyo mashine nyuma pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kibandiko kidogo, soma. Voti 220 mpaka 240, wati 40. Au wati 60. Mashine ni ile ile moja, mbele elfu kumi nyuma sitini.

Soketi ya ukutani ya nyumba zetu ni ya ampea 13. Zidisha 13 kwa voti 230 unapata kama wati 3,000 hivi, na hapo ndo mwisho wa soketi nzima, pasi na jiko la umeme ndo vinakaribia karibia huko. Kwahiyo kitu cha wati elfu kumi hakiwezi kuchomekwa pale kikapiga mziki jioni nzima, umeme wenyewe hauwezi kupita. Kile kibandiko cha nyuma nacho sio kipimo kamili cha nguvu ya mwisho, maana mara nyingi mashine hupimwa ikipiga kwa kiasi, lakini kiko karibu na ukweli kuliko hayo maandishi ya kwenye boksi. Wanaoandika elfu kumi huwa wanaweka pembeni herufi PMPO, na hiyo PMPO haina kanuni moja inayokubalika, kila kiwanda kinajipimia kinavyotaka. Namba ya kuulizia dukani ni RMS, yani nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo bila sauti kuanza kupasuka.

Kuna mzee wa Igurusi aliniletea yake msimu uliopita, alinunua kwa ajili ya grosari yake, boksi liliandikwa wati zaidi ya elfu kumi na muuzaji alimwambia hii inatosha hata harusi. Haikumaliza miezi mingi. Nilivyoifungua mbele yake nikamwonesha, ndani kuna aisii mbili za TDA2030, vile vichipu vya kukuzia sauti, aisii nzuri tu na mafundi wote tunaijua miaka mingi, lakini kila moja inatoa wati kumi na kitu, alafu wufa, ile spika ya besi, ina sumaku ndogo na boksi ni la plastiki jembamba linatetemeka lenyewe. Akiwa anafungua sauti mpaka mwisho kwasababu boksi limemwambia kuna elfu kumi, amplifaya ikawa inapasua sauti, koili, ule waya uliosukwa ndani ya spika, ikapata moto, ikaungua. Yule mzee hakukosea chochote, aliamini kilichoandikwa. Na mpaka leo hakuna mtu wa kumrudishia hela yake.

Wenzetu walishapita hapa. Marekani miaka ya sitini na sabini watengenezaji wa amplifaya walikuwa wanashindana kuandika namba za ajabu hivi hivi, mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikatoa kanuni kwamba ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani lazima useme nguvu ya mfululizo iliyopimwa kwa namna inayojulikana. Mwaka 2024 wakaifanyia marekebisho wakaibana zaidi, sasa wanataja mpaka mzigo wa omu 8, yani ukinzani wa spika, masafa ya sauti kuanzia hezi 20 mpaka 20,000, na upotoshaji wa sauti usifike asilimia moja. Na sisi sheria tunayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kilichobaki ni mtu aingie dukani asome boksi alafu asome na nyuma. Hiyo kazi haihitaji maabara, inahitaji macho tu.

Najua kuna msomaji atasema hizi ni habari za watu wenye hela, sisi tunataka kitu kinapiga basi. Hapo ndo nataka nikae kidogo, kwasababu kwenye spika mambo yamebadilika sana na watu hawajui kwamba yamebadilika kwa faida yao.

Spika yenyewe kimsingi haijabadilika. Koili, sumaku na koni, umeme unaingia koili inasukumwa mbele na nyuma koni inasukuma hewa, hiyo ndo ile ile waliyoielezea Rice na Kellogg wa General Electric mwaka 1925, na mpaka leo ukifungua ya laki moja na ukifungua ya milioni ishirini utakuta ndugu. Kilichobadilika ni boksi na hesabu. Zamani ukitaka besi ya kweli ilibidi uwe na kabati kubwa la mbao, mpaka Edgar Villchur wa Marekani mwaka 1954 akaleta boksi dogo lililozibwa kabisa, ile hewa ya ndani ndo inafanya kazi ya springi, besi ikatoka kwenye kitu kinachokaa juu ya rafu. Alafu akaja Neville Thiele kule Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small miaka ya sabini, wakaweka hesabu ya kujua wufa hii inataka boksi la ukubwa gani na tundu la urefu gani kabla hujakata hata mbao moja. Hizo hesabu leo ziko kwenye programu za bure za kompyuta, mimi mwenyewe nazifanyia kwenye simu. Na amplifaya zimekuja hizi za klasi D, kidude kidogo kinakaa kiganjani, ule umeme karibu wote unafika kwenye spika badala ya kupotea kuwa joto humo ndani kama zile za zamani zilizokuwa na hitisinki, lile bati nene la kupozea, nzito ya kuchemshia mkono.

Yani leo kutengeneza spika nzuri ya sebuleni sio ghali kama ilivyokuwa kwa baba zetu. Nitasema bila kuogopa kwamba kwa hela ile ile ambayo mtu anatoa kwenye sabufa ya mataa angeweza kupata spika mbili safi na amplifaya ndogo, wati 30 za kweli kila upande, na angekaa nazo miaka kumi. Sauti ya kawaida ya kusikiliza sebuleni inatumia wati moja mbili tu, watu hawaamini nikisema hivi lakini kapime. Na ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za nyongeza, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, sikio linatambua kidogo, ili usikie imekuwa kubwa kama mara mbili hivi unahitaji wati mara kumi. Kwahiyo spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja ukiipa wati 20 inalingana na ile ya desibeli 87 iliyopewa wati 40. Ni mara ngapi umeona desibeli zimeandikwa kwenye boksi la Mwanjelwa? Hazipo, na ndo namba yenye maana kuliko zote.

Huko duniani nako biashara ya vyombo vya mziki vya nyumbani imetikisika vibaya. Samsung walinunua Harman mwaka 2017 kwa dola bilioni 8, wakapata JBL na AKG na Infinity ndani yake, ila wengi wanaoijua biashara wanasema walichokuwa wanakitaka hasa ni vifaa vya ndani ya magari. Onkyo wa Japani, jina kubwa kabisa enzi za baba mdogo, biashara yao ya vyombo vya nyumbani ilifilisika mwaka 2022. Mwaka huo huo kampuni ya Masimo ya Marekani, wale wanaotengeneza vifaa vya hospitali vya kubana kidole kupima oksijeni, wakanunua kundi lenye Denon, Marantz na Bowers & Wilkins kwa dola kama bilioni moja, na miaka kama mitatu baadaye wakakubaliana kuliuza kwa hao hao Harman kwa dola milioni 350. Hasara ya theluthi mbili. Majina ambayo wazee waliyaheshimu yanauzwa kama viwanja.

Sababu sio kwamba watu wameacha kusikiliza mziki, wanasikiliza kuliko zamani. Sababu ni simu, hedifoni, kaspika ka blutuuthi, na saundibaa ambayo imekuja kwasababu TV zimekuwa nyembamba mpaka spika za ndani hazina hewa ya kusukuma. Mtu hanunui tena deki peke yake, amplifaya peke yake, spika peke yake, ekwalaiza peke yake, ananunua kitu kimoja. Mimi sipingi hilo. Kaspika kadogo kakiwa kamepigiwa hesabu vizuri kanaimba vizuri, nimezisikia zingine zimenishangaza. Ninachopinga ni kwamba katika mabadiliko yote haya mnunuzi wa Mbeya ameachiwa kitu kimoja tu cha kuchagulia, nacho ni namba ya uongo na taa.

Na hii namba ya uongo inaua kitu ambacho tungekuwa nacho hapa hapa. Mafinga pale kuna msitu wa Sao Hill, viwanda vya plaiwudi vimejaa, mafundi seremala wa Iringa na Mbeya wanajulikana nchi nzima. Boksi la spika ni nini kama sio plaiwudi nzuri iliyokatwa kwa kipimo, ikagundishwa isipitishe hewa, ikawekewa nguzo ndani isitetemeke? Wufa na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, tunaagiza Kariakoo, krosova inayogawa sauti za juu na za chini tunasuka wenyewe, kapasita na koili sio siri. Mimi natengeneza, na vijana wawili niliowafundisha wanatengeneza. Sasa mteja anakuja anauliza hii ni wati ngapi, namwambia ukweli, hamsini, anageuka ananiangalia kama namtania, anaenda dukani kununua elfu kumi ya plastiki. Nitashindana vipi? Niandike na mimi elfu ishirini? Nimekataa na nitaendelea kukataa, lakini wale vijana mmoja ameshaniambia bosi tuandike tu, watu ndo wanataka. Hivyo ndo uongo wa mmoja unavyolazimisha wote.

Tena hizo za mbao zinatengenezeka. Ile sponji ya pembeni ya koni ikioza baada ya miaka naibandua naweka ya mpira, koili ikiungua naisuka, kapasita ikikauka nabadilisha, mashine inarudi kazini. Nina spika za mteja mmoja wa Tukuyu ni za miaka ya themanini huko na zinapiga mpaka leo. Hizi za sasa nyingi saketi imemwagiwa gundi, spea hakuna, ukimuuliza muuzaji anakwambia nunua nyingine.

Kuna Mkanada anaitwa Floyd Toole, alifanya utafiti miaka mingi kwenye taasisi ya serikali ya Kanada kisha akaenda Harman. Alikuwa anawaweka watu wasikilize spika zikiwa nyuma ya pazia, hawaoni jina wala bei wala ukubwa, alafu wachague. Walichokuta ni kwamba watu wengi, wataalamu na wasio wataalamu, wanaelekea kuchagua zile zile, nazo ni zile zenye sauti iliyo sawasawa, hakuna kilichovimbishwa. Mama wa Uyole ambaye hajawahi kushika solda ana masikio ya kutosha kabisa kujua spika nzuri, ilimradi apewe nafasi ya kusikia na asipigiwe kelele.

Ndo maana nawaomba wenye maduka, turuhusuni tusikilize. Sio ile ya kufungua wimbo mmoja wenye besi kali mpaka duka zima linatikisika, mteja anapumbazwa analipa. Wewe mteja nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua vizuri, mwambie azime besi busti na azime taa, apige mbili kwa sauti sawa kabisa, maana ile iliyo juu kidogo siku zote itaonekana nzuri hata kama ni mbovu na wauzaji wanalijua hilo. Alafu mwambie aweke redio, taarifa ya habari, msikilize mtangazaji mwanaume. Kama anasikika ameingiza kichwa kwenye pipa, achana nayo. Sauti ya mtu tunaijua toka tumezaliwa, mashine ikishindwa hapo imeshindwa. Ukitoka hapo weka mziki wa dansi wa zamani, Mbaraka Mwinshehe au Mlimani Park, sikiliza kama unasikia magitaa yote moja moja, lile la solo na lile la ridhimu linalochezacheza chini yake, kwenye spika mbovu lile la chini linamezwa lote na watu wanakua hawajui kama lipo. Mimi hapo huwa naumia kweli. Wanamziki wale walikesha studio za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kurekodi kila kitu kwa pamoja, na mjukuu wao anasikia ngurumo na ngoma tu. Kwa wenzangu Wamoravian jaribuni na tarumbeta za kanisani, rekodi kwa simu tu inatosha, mkisikia kama bati linakwaruzwa basi twita ndo imefikia hapo.

Kuhusu flashi yenyewe, zile nyimbo za kuingiziwa kibandani nyingi zimebanwa sana mpaka zimechoka, tafuta zenye ubora, siku hizi kwenye intaneti zipo nzuri kwa bando la kawaida.

Na chumba. Nyumba zetu ni simenti na vigae, sauti inagonga huku inarudi huku, mtu analaumu spika kumbe ni ukuta. Weka zulia, weka pazia zito, twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, spika mbili ziachane zisibebane pembeni ya TV. Sabufa usiisukumie kona kabisa kwasababu kona inaongeza besi mpaka inakuwa muungurumo usioisha. Hayo yote ni bure.

Kwenye umeme nawaachia mafundi wenzangu, ila vijijini wengi wanatumia redio ya gari na betri ya sola na spika mbili za gari kwenye boksi la mbao, na nataka niseme hadharani kwamba hiyo ukiipatia boksi la kipimo inashinda sabufa nyingi za dukani. Nimezifunga kwa watu wa Chunya na Kyela na wanafurahi.

Kwahiyo ombi langu ndo hili. TBS mtoe agizo kwamba spika au sabufa yoyote inayouzwa nchini iandikwe nguvu ya mfululizo kwa RMS kwa herufi kubwa kuliko namba nyingine yoyote kwenye boksi, na desibeli kwa wati moja ziwepo. Tume ya Ushindani huwa mnakamata bidhaa bandia za majina ya watu, mnafanya vizuri, sasa angalieni na hii ambayo jina ni lake ila namba ndo bandia. Wenye maduka hamna haja ya kusubiri agizo, kesho asubuhi mnaweza kuchukua maka peni mkaandika kwenye kila boksi kile kilichoandikwa nyuma ya mashine. Atakayeanza mimi nitamletea wateja wangu bila kudai hata mia.

Na kama kuna muuzaji au mwagizaji anaona nimeonea, kwamba hizo wati elfu kumi zipo, aandike hapa hapa gazetini aeleze amezipima vipi na kwa mzigo wa omu ngapi. Mita ninayo, osiloskopu ninayo, aje nayo Mwanjelwa tuipime mbele ya watu siku yoyote anayotaka, na majibu mhariri uyachapishe.

Fundi Spika,
Mwanjelwa, Mbeya